Wifi yangu wa Goma: vita ile ile, mbona mdogo wake yuko sawa?

Binti_Kiwira:
Shikamooni wakubwa. Kaka yangu ni dereva wa lori. Wifi alimpata Goma, Kongo, enzi anapeleka mzigo kupitia Rusumo. Mji ulipochukuliwa na waasi wa M23, Januari 2025, wifi alitoka na mdogo wake wa kike, wakatufikia huku wote wawili.

Mdogo anauza vitumbua stendi, na Kinyakyusa cha kugombana na wateja ameshakijua. Wifi sasa. Mvua ya Kiwira mnaijua. Ikianza tu kupiga bati, anaacha jiko anakwenda kujibana kati ya kabati na ukuta. Juzi nimemkuta pale na mwiko mkononi, jasho linamtoka na baridi hii, ugali umeungua. Usiku anakagua komeo mara nne, tano. Siku moja aliniuliza kama Mlima Rungwe unawaka. Nikacheka.

Mama anasema anadeka. Miezi minane sasa. Kwa nini mmoja aumwe, mwingine asiumwe?

Chuma_Tunduma:
Mpelekeni kwenye maombi. Huyo mdogo ni mtu wa sala, tofauti ndiyo hiyo.

Nesi_Mstaafu_Iringa:
Kamwene. Maombi sawa, lakini yasiwe ya kumkemea.

Mwanangu, vita huwa ile ile redioni tu. Miaka niliyokaa na wagonjwa wa akili, kabla ya kuuliza mtu aliona nini, nilitaka kujua ameona mangapi. Kiwewe kinajaa kama debe la mahindi, kila tukio kopo moja. Watafiti waliwapima wakimbizi wa Sudan na Waganda kule West Nile, kaskazini mwa Uganda: kadiri mtu alivyopitia mambo mengi ya aina tofauti, ndivyo alivyozidi kuugua. Wanawake huumwa zaidi ya wanaume, na kubakwa ni kopo kubwa kuliko mengi (usimhoji hilo, akitaka atasema). Kufiwa nako kumo, na kukimbia zaidi ya mara moja.

Halafu kuna yanayokuja baada ya risasi, na hapa ndipo ninapogombana na ndugu wa wagonjwa. Mtu hana wa kumsikiliza, hana hela yake, karatasi zake hazieleweki, na jikoni anaitwa mdekaji. Hayo yana uzito mkubwa tu. Mdogo wake ana biashara na watu wa kupiga nao soga. Wifi yako ana nani, kaka akiwa safarini?

Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2019 walikadiria kwamba penye vita mtu 1 kati ya 5 ana tatizo fulani la akili, ukijumlisha na sonona na wasiwasi. Kwa hiyo mdogo wake si muujiza.

Msimnunulie diazepamu dukani ili alale, haitibu hili. Mpelekeni hospitali ya rufaa Mbeya, mwambie daktari ni miezi mingapi.

Mzaliwa_Mishamo:
Bibi yangu alikimbia Burundi 1972. Alilala na viatu miguuni, wajukuu tukimcheka. Aliviacha alipoona shamba ni lake kweli. Tulipoambiwa uraia wa Tanzania upo ila tutahamishiwa mikoa mingine, vikarudi kitandani. Babu alipita njia ile ile na alikuwa anakoroma. Sasa niko Mafinga kwenye mbao, mvua ikipiga namkumbuka.

Binti_Kiwira:
Asante mama nesi. Jana nilikaa na mdogo wake pale stendi. Kumbe Nyiragongo, ile volkano ya Goma, ilipolipuka Mei 2021, wifi alikuwa pale, akakimbilia mji wa Sake kwa miguu. Mdogo alikuwa shuleni Bukavu. Wifi akaolewa hukohuko Sake, mume wa kwanza. 2024 vita vikafika Sake, akaingia kambini na mtoto mchanga, na mtoto akafia pale kwa kuhara. Mdogo hajawahi kulala kambini hata siku moja. Mimi nilikuwa nahesabu ile Januari tu.

Na swali lile la Rungwe nililicheka.

Kliniki tunakwenda Jumanne, kaka amekubali kuchelewa safari. Mama nimemweleza habari za mtoto, hakujibu kitu, ila jioni alimwita wifi wakachambue maharage pamoja. Chumba chao hakina dari, bati liko wazi juu ya kitanda. Fundi anataka laki na themanini na mbao juu yangu. Mzaliwa_Mishamo, huko Mafinga mbao za dari mnauzaje?

Mzaliwa_Mishamo:
Njoo inbox dada.