Pikapu inapigwa teke kutoka nyuma ikisimama: krosi, yoki, springi au maunti?

Kamba_Nyeusi
Wakuu, habari za wakati huu. Nina pikapu ya giaboksi otomatiki, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma kuna springi za mabati. Nikisimama taratibu kwenye foleni, gari likishatulia kabisa ndipo linapigwa teke, kama kuna mtu kanigonga kwa bampa. Nikifunga breki kwa nguvu silisikii sana. Fundi wa kwanza kashika propela, lile bomba linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma), kasema krosi, yaani viungio vyake vya msalaba, zimekufa. Wa pili anasema meno ya yoki, kile kipande cha mwisho wa propela kinachoteleza kwenye giaboksi, yamekauka, ni grisi tu. Wa tatu hata kuinama hakuinama, kasema maunti ya giaboksi, ule mpira unaoishikilia. Sitaki kununua dawa zote tatu. Nianze na ipi?

Mzee_Difu
Umeshatuambia jambo kubwa bila kujua: teke linakuja gari likishatulia. Mlio wa chini ya gari unadanganya mahali, maana propela ni bomba refu linalobeba sauti mwanzo hadi mwisho. Utaapa ni difu kumbe ni giaboksi. Lakini wakati wake haudanganyi.

Teke likija kabla ya kusimama, gari likiwa mwendo wa mtu anayetembea, hapo giaboksi inashuka gia ya kwanza. Nguvu inageuka upande: magurudumu yalikuwa yanaizungusha injini, sasa injini ndiyo inaanza kuvuta. Ulegevu wote ulioko njiani unapita kwa mkupuo mmoja. Krosi iliyokwisha husikika hapo, na utaisikia tena ukitoa R (gia ya nyuma) kwenda D (gia ya mbele). Likija baada ya kusimama, mimi naweka yoki na springi mbele ya krosi. Maunti naiweka mwisho.

Grisi_Kidogo
Mimi kura yangu yoki. Ukifunga breki pua ya gari inazama, nyuma inanyanyuka, na umbali kati ya giaboksi na difu unabadilika kidogo. Yoki inatakiwa iteleze kwenye meno yake kufuata. Meno yakikauka inakwama. Gari likirudi kukaa sawa, inaachia ghafla. Teke ndilo hilo. Dawa yake ni grisi tu na jioni moja ya kazi, kwa nini mtu aanze na kitu kingine?

Bi_Spana
Kwa sababu grisi inaficha, @Grisi_Kidogo. Ukipaka, hata gari ambalo ugonjwa wake ni springi linatulia kwa muda, kisha mtu anarudi analia. Mkuu Kamba, fanya majaribio haya kwanza, yote bure. Tafuta eneo tupu na tambarare, mwendo mdogo.

Simama mara kadhaa gari likiwa D, kisha mara kadhaa ukiwa umetia frii kabla tu ya kusimama. Teke likipotea kabisa kwenye frii, tatizo liko kwenye nguvu inayotoka injini: kushuka kwa gia, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iliyo juu mno, au ulegevu wa krosi na difu. Likibaki, injini haihusiki, uko kwenye yoki, springi au breki zenyewe.

Kisha simama kwa hendibreki peke yake, taratibu, kidole kikiwa kwenye kitufe ili uachie ukitaka. Hapo breki yote inabeba ekseli ya nyuma. Ekseli yenye springi za mabati ikifungwa breki hujipinda, pua ya difu inainama chini, na gari likisimama springi zinaifyatua irudi. Teke likiongezeka kwa hendibreki, nenda kwenye springi. Ila hakikisha hendibreki yako inabana magurudumu. Kuna magari ambayo inabana propela yenyewe, na hapo jaribio hili halina maana.

Dereva_wa_Trela
Kwenye lori la ekseli mbili nyuma ongeza toki rodi, zile fimbo zinazoshikilia ekseli isitembee. Bushi zake zikiisha ekseli inatembea mbele na nyuma kila ukishika breki, na dereva anadhani ni giaboksi. Sisi tunaliangalia hivi: mmoja kwenye usukani anashika breki na kuachia klachi kidogo mbele, kidogo nyuma, mwingine anasimama PEMBENI, mbali na njia ya magurudumu, anaangalia. Asiingie mtu chini injini ikiwa inawaka.

Mzee_Difu
Bi Spana kasema vizuri. Naongezea krosi, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Weka vigingi magurudumu yote, gia frii, hendibreki chini, kisha zungusha propela kwa mkono. ITACHEZA. Usiogope. Meno ya difu yenyewe yanaachiwa nafasi, kama 0.2 mm kwenye magari mengi, na ikijumlishwa na gia ndogo za ndani, mkononi inaonekana kubwa. Usiangalie propela inazunguka kiasi gani. Angalia kama msalaba wa krosi unasogea ndani ya vikombe vyake. Ukiona vumbi jekundu la kutu pembeni ya kikombe, beringi zake zimekauka, badilisha bila mjadala. Fundi aliyeshika propela akaizungusha na kutangaza krosi zimekufa hajapima kitu.

Kamba_Nyeusi
Nimerudi. Kwenye frii teke lipo vilevile, pengine dogo kidogo. Kwa hendibreki (inabana magurudumu, nimehakikisha) ni kubwa hasa, hadi kiti kinasogea. Krosi haina vumbi jekundu na misalaba haichezi. Nimeingia chini na tochi: upande wa kushoto, pale ekseli inapokalia springi, kuna mstari wa chuma kinachong'aa pembeni ya tope kavu. Kulia hakuna.

Bi_Spana
Chuma kinachong'aa ni chuma kinachosuguana. Yubolti za kushoto, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, zimelegea na ekseli inatembea. Angalia na senta bolti, ile inayoshika mabati pamoja katikati, kama haijakatika, na mabati kama yako mazima. Ukifungua yubolti usizirudishe, weka mpya na nati zake. Kaza kwa kuvusha kona kwa kona, kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha kaza tena baada ya kutembea na mzigo.

Grisi_Kidogo
Na yoki je? Mbona mnaisahau.

Bi_Spana
Hatuisahau. Akishamaliza springi na teke likibaki, aichomoe. Apige alama kwanza kwenye propela na flenji (sahani inayoifunga kwenye difu) ili irudi meno yaleyale, la sivyo gari litatetemeka. Anyanyue mkia wa giaboksi, maana baadhi humwaga mafuta yoki ikitoka. Grisi iwe ya molibdeni, kiasi. Ukijaza shimo lote, grisi inanaswa ndani na yoki haina pa kwenda.

Kamba_Nyeusi
Senta bolti ilikuwa nzima, yubolti moja nati ilizungushika karibu kwa mkono. Nimeweka mpya pande zote mbili, nimebeba mzigo, nimekaza tena. Teke la kusimama limeisha. Umebaki mlio mdogo, "ko", nikitoa R kwenda D. Nibadilishe krosi kabisa niwe na amani?

Grisi_Kidogo
Paka yoki!

Mzee_Difu
Krosi umeipima, ni nzima, iache. Angalia kiwango cha mafuta ya giaboksi na kama silensa haiko juu. Vikiwa sawa, hiyo "ko" ni nafasi ya difu, na gari nyingi zilizotembea zinayo. Uliza tena ikianza kulia ukiwa kwenye mwendo.