Inkubeta yaandika 44 kumbe ndani ni 41 na nusu, nisaidieni

Mama Sampuli: Wadau habari zenu. Niko maabara ya kupima maji hapa Mombasa, sampuli nyingi ni za visima. Inkubeta ya kuoteshea bakteria wa kinyesi inatakiwa ikae digrii 44 na kontrola, kile kifaa cha kuongoza joto, yaandika 44.0 haicheziki, lakini juzi nimeweka themomita ya kioo ndani ya chupa ya maji nikaiacha usiku kucha, asubuhi nakuta 41 na nusu. Fundi amekuja, dakika tano tu, akasema kontrola imekufa tununue mpya. Sina amani kwa sababu joto likishuka hivyo hata bakteria wasiohusika wanaota, kisima cha watu kinaandikwa kichafu bure. Nifanyeje kabla sijaomba pesa?

Fundi Likoni: Dada hiyo ni SSR, ile swichi ya kielektroniki ya kuwasha na kuzima heta, badilisha.

Baba Heta: SSR hapana kaka. SSR ikiungua mara nyingi inashikana, heta inawaka muda wote joto linapita hata 44. Hapa joto liko chini na kontrola imeridhika, yani inapokea habari ya uongo kutoka kwa sensa. Dadangu, sensa ina waya ngapi?

Mama Sampuli: Tatu. Mbili nyekundu, moja nyeupe.

Baba Heta: Hiyo ni Pt100, sensa ya platinamu ambayo ukinzani wake wa umeme unapanda joto likipanda. Zima, chomoa plagi ukutani, kisha toa zile waya kwenye kontrola. Sensa itie kwenye barafu iliyosagwa na maji kidogo, na iwe barafu ya maji safi, usichukue ya samaki ile ina chumvi inashuka chini ya sifuri. Pima omu, yani ukinzani, nyeupe kwa nyekundu, halafu nyekundu kwa nyekundu, namba ya pili uitoe kutoka ile ya kwanza. Inafaa ibaki omu 100. Kila digrii ni kama omu 0.385 kwa hivyo ukipata omu moja tu ya ziada, hizo ndizo digrii zako mbili na nusu. Ikizidi, rudia kupima pale kwenye kiungo, waya za sensa zinapoungana na za kontrola, upande wa sensa yenyewe.

Kijana wa Kongowea: Si aweke tu ofseti, kontrola ipunguze 2.5 kwenye namba inayosoma, kazi iendelee?

Baba Heta: Usithubutu. Kama ni kutu kwenye waya, leo inaongeza omu moja wiki ijayo mbili, na hiyo namba mtakuwa mnaiamini.

Mama Sampuli: Nimerudi jamani. Kwenye kontrola nimepata 101.0, kwenye kiungo upande wa sensa 100.1! Pale kwenye kiungo, ndani ya kifuniko cha nyuma, ile skurubu ya waya nyeupe imeota kijani yote na waya wenyewe ukiugusa unamong'onyoka, ni hii hewa yetu ya chumvi na dirisha letu laangalia bahari. Nimekata kipande kilichooza, nikamenya upya, nikaweka kiungo kipya. Leo asubuhi themomita 44.1. Asanteni sana, Baba Heta Mungu akubariki. Bosi amekubali zile sampuli za wiki iliyopita tuzirudie zote, kesho naanza na kisima cha msikiti.