Miiba au wavu: njia ipi inafaa kuzuia njiwa kwenye jengo la ghorofa?

Mkazi wa Upanga
Ndugu zangu, jengo letu la ghorofa 4 hapa Dar es Salaam limevamiwa na njiwa wanaolala juu ya viyoyozi na kwenye kingo za madirisha, na kinyesi chao kinaharibu rangi na kuziba mifereji ya paa. Wapangaji wamegawanyika kati ya miiba (safu za ncha za chuma au plastiki zinazobandikwa ili ndege wasitue) na wavu. Naomba ushauri.

Fundi Majengo
Inategemea njiwa wanafanya nini mahali hapo. Kama wanatua tu, miiba inatosha, mradi ifunike upana wote wa ukingo. Ikibaki nafasi nyuma yake, njiwa atajipenyeza, na vijiti atakavyovileta vitashikwa na miiba hiyohiyo hadi kiwe kiota imara. Kama wameshaanza kutaga, miiba ni kupoteza fedha. Fungeni wavu wenye matundu ya milimita 50 (kwa shomoro, 19), ukazwe kwa waya pande zote, kwa sababu wavu uliolegea hunasa ndege na kuwaua. Tena kwa hewa yetu ya chumvi msikubali chuma kilichopakwa zinki, kwani kutu itachuruzika ukutani na doa lake ni baya kuliko hicho kinyesi.

Mpenzi wa Ndege
Naafiki, ila kunguru nao wafikiriwe. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza viota vya ndege wa jamii ya kunguru, vilivyopatikana Rotterdam na Antwerp, ambavyo vilijengwa kwa miiba hiyohiyo ya kufukuzia ndege. Kimoja kilikuwa na miiba ipatayo 1,500. Kunguru wa India waliojaa Dar es Salaam nao hujengea vipande vya waya, kwa hiyo miiba iliyobandikwa kwa gundi peke yake siiamini. Kagueni pia kama kuna makinda kabla ya kufunga wavu.

Mkazi wa Upanga
Nashukuru sana. Je, kinyesi kilichokwisha kukauka tukifagie tu?

Fundi Majengo
Hapana, kilowesheni kwanza, na mfagiaji avae barakoa nzuri, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Kwa zile kingo pana, ombeni pia bei ya kuziwekea bati lenye mwinamo wa nyuzi 45 au zaidi. Njiwa huteleza, na hakuna miiba ya kubadilisha.