Moto ulizisaza sarafu za babu yangu, fundi wa Arusha ndiye aliyeziharibu

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Sarafu 43 za marehemu babu yangu, ambazo moto wa nyika ulizipitia zikabaki nyeusi lakini nzima, zimeharibiwa kwa siku mbili tu katika duka moja la usonara na vitu vya kale katikati ya jiji la Arusha, tena kwa fedha yangu mwenyewe, shilingi 15,000 kwa kila sarafu.

Agosti mwaka jana moto uliowashwa na watu waliokuwa wakisafisha mashamba uliwashinda, ukashika nyasi kavu upande wa Siha na kuteketeza nyumba ya mbao ya babu. Mzee alikuwa karani wa kahawa, na tangu ujana wake aliweka kando kila sarafu ya zamani iliyopita mikononi mwake: hela za Mjerumani zenye tundu katikati, ambazo ndizo zilizotuachia neno tunalolitamka kila siku, rupia zenye sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia yenye tai, na shilingi za Afrika Mashariki zenye simba na milima nyuma yake. Katika majivu tulikuta sanduku lake la bati. Fedha tupu huyeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi, na ikiwa imechanganywa na shaba huanza kulainika mapema zaidi, karibu na nyuzi 780. Hakuna sarafu hata moja iliyokuwa imelegea ukingo. Zilikuwa na masizi, zilikuwa na weusi wa joto, na baadhi zilikuwa zimegandamana na vifuko vya plastiki ambamo mzee alizihifadhi.

Kwa hiyo kazi iliyotakiwa ilikuwa ndogo na ya subira. Masizi yaliyolala juu ya chuma hutolewa kwa kuloweka sarafu katika maji yaliyokenekwa, kuyabadilisha mara kwa mara, na kuiacha ikauke bila kuisugua. Plastiki iliyoyeyuka hulainishwa kwa asetoni safi ya duka la kemikali, wala si ile ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo mara nyingi imetiwa mafuta na manukato. Nayo itumiwe nje, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wake hushika moto upesi. Asetoni haili fedha wala shaba. Plastiki ile haifai kuachwa, kwa kuwa aina ya PVC ikiungua hutoa asidi yenye klorini, ambayo ikikutana na unyevu huitafuna shaba polepole na kuacha unga wa kijani. Baada ya hapo mtu husimama. Weusi ulioingia katika chuma chenyewe hauondoki bila kuondoka na chuma.

Haya yote nilimweleza mwenye duka kwa mdomo na kumwandikia kwenye karatasi. Aliniitikia, "Usiwe na wasiwasi, mzee wangu, zitarudi kama mpya." Nilipaswa kuchukua mzigo wangu na kurudi Moshi saa ileile.

Zilirudi ziking'aa kama vijiko vya harusi. Alizitumbukiza katika asidi, kisha akazipitisha kwenye mashine anayong'arishia pete. Kwa lenzi inayokuza mara 10 naona mistari myembamba iliyolala upande mmoja juu ya shavu lote la Kaizari, na manyoya ya tai yamekuwa kibonge kimoja. Rupia ilipotoka kiwandani ilikuwa na uzito wa gramu 11.66. Rupia yangu ya mwaka 1913 niliipima kabla ya kuipeleka, ikiwa na gramu 11.52, sasa ina gramu 11.31. Hizo gramu 0.21 zimebaki kwenye kitambaa cha mashine yake.

Kinachoniuma zaidi ni sarafu za thamani ya hela 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita baada ya koloni kutengwa na Ujerumani kwa njia ya bahari. Nilikuwa nazo sita. Wanaozikusanya huzitofautisha kwa ukubwa wa taji lililo juu ya mwaka na kwa umbo la ncha za herufi L mbili katika neno HELLER (hela kwa Kijerumani), na tofauti hizo ndizo zinazopandisha au kushusha bei. Katika sita zangu, nne haziwezi tena kutambuliwa ni za aina gani. Moto haukufanya hivyo. Mkono wa mtu ndio uliofanya.

Halafu akanipa vyeti! Kila sarafu ina karatasi yenye muhuri, na rupia niliyoitaja imepewa daraja 58 katika kipimo cha Sheldon cha hali ya sarafu, kinachoanzia 1 hadi 70, maana yake ni sarafu ambayo karibu haijatumika. Kampuni zinazojulikana duniani kwa kazi hii ya kupima na kupanga madaraja ya sarafu, kama NGC na PCGS, haziipi namba ya kawaida sarafu iliyong'arishwa au kuungua. Huandika kiwango cha uchakavu na kutaja kasoro yenyewe. Mtu akiinunua sarafu yangu kwa kuamini cheti kile, mimi ndiye nitakayekuwa nimemwibia.

Nilipolalamika nilijibiwa kuwa wateja hupenda kitu kinachong'aa. Mimi sikuomba kung'arishiwa, na maandishi yangu anayo. Ninachotaka ni kurudishiwa shilingi 645,000, vyeti vyote 43 vifutwe kwa maandishi, na aache kupokea sarafu zilizoungua mpaka awe na mtu anayeijua kazi hiyo. Nimempa siku 14, kisha nitapeleka shauri mahakamani pamoja na picha za kabla na baada, na vipimo vya uzito.

Sarafu tisa zilizokuwa zimeshikana zaidi sikuzipeleka kwake. Nimeziloweka mwenyewe, nikabadilisha asetoni mara nne, na juzi plastiki ya mwisho ilibanduka. Bado ni nyeusi, na manyoya ya tai yanahesabika.