Ikiwa siku ya kufa imeandikwa, dereva ana kosa gani?

Mkazi wa Njoro:
Tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walifariki pale Migaa, karibu na Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret nchini Kenya, basi lilipogongana ana kwa ana na lori. Kila tunapomzika aliyefia barabara hiyo, mhubiri husema kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika. Baadaye ukuta wa zege ulijengwa kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Ikiwa Mungu amekwisha kuipanga siku ya kila mmoja wetu, ukuta ule unazuia nini? Na ikiwa hajaipanga, msafiri tunamwombea nini?

Msomaji wa Kondele:
Ndugu, swali lako ni la zamani. Katika karne ya 7, Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu (eneo la Syria ya leo) alipata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda, sahaba aliyeongoza jeshi huko Shamu, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kwa hiyo ukuta nao umo ndani ya kadari. Waashari, wanatheolojia wa Kiislamu, walieleza kwamba Mungu huliumba tendo na mja hulichuma, yaani hulifanya kuwa lake, ndiyo maana huhesabiwa. Huko kuchuma, nakiri, bado kunanitatiza.

Mwalimu, Bungoma:
Upande wa Wakristo, Boethius, mwanafalsafa aliyeandika akiwa kifungoni huko Italia katika karne ya 6, alisema kwamba Mungu yuko nje ya wakati na huyaona ya kesho kama sisi tunavyoyaona ya sasa, na kumwona mtu akitembea si kumlazimisha atembee. Hoja hiyo ni nzuri, ila haimsaidii mhubiri wako, kwa sababu yeye hasemi kwamba Mungu alijua bali kwamba alipanga, na hapo yuko karibu zaidi na Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti aliyefundisha kwamba Mungu ameamuru yote.

Mkazi wa Njoro:
Shukrani, Mwalimu. Lakini Calvin naye hakumwondolea mwenye dhambi lawama.

Mwalimu, Bungoma:
Ndivyo. Alishikilia kwamba mtu hutenda kwa kutaka mwenyewe, hata kama kutaka kwenyewe kumeamriwa. Sheria yetu ya trafiki haiendi mbali hivyo: anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10, na sijasikia wakili akisimama mahakamani kutetea kwamba siku ya abiria ilikuwa imefika.