Ilani ya kubomoa siku 7, ruhusa ya kuwashtaki siku 90. Hesabu hii aliipiga nani?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, nikiropoka mahali mtanisamehe.

Nina kiwanja kilichopimwa hapa Dar es Salaam, hati ninayo. Manispaa sitaitaja, maana bado tunavutana nao na nyumba haibebeki mgongoni. Nyumba kubwa niliijenga kwa kibali, ramani imegongwa muhuri kila ukurasa. Miaka minne iliyopita nikaongeza fremu tatu za biashara mbele, upande wa barabara ya mtaa. Hapo najua wengine mmeshaanza kunihukumu, na sikatai: fremu hazimo kwenye ile ramani, na hati yangu inasema makazi. Ila pita mtaani kwetu kuanzia msikitini mpaka kijiwe cha bajaji, ukihesabu nyumba tano zisizo na fremu njoo nikununulie soda.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Wapangaji wangu wa saluni, wa chakula cha kuku na wakala wa kutoa pesa, wote wana leseni za biashara. Wamezikata wapi? Manispaa hiyohiyo. Na mahali pa biashara palipoandikwa kwenye leseni ni fremu hizohizo. Kodi ya jengo nakatwa kwenye Luku, nikinunua umeme, tangu 2021, ilianza 1,000 kwa mwezi, sasa ni 1,500. Kwenye pango nako TRA, watoza kodi wa Serikali, wana asilimia 10 yao. Miaka yote minne hakuna aliyekuja kuniambia mzee hapa umekosea. Hela ya fremu ilikuwa halali, haramu ni fremu yenyewe.

Jumanne moja natoka kazini, dada wa saluni ananikabidhi karatasi imekunjwa mara nne. Ilani. Nibomoe ndani ya siku 7 tangu tarehe ya ilani. Naangalia tarehe: siku tisa nyuma! Yaani naishika mkononi nikiwa tayari nimechelewa siku mbili. Na ukutani X nyekundu na neno BOMOA, rangi imechuruzika mpaka kwenye picha ya mwanamke wa rasta iliyochorwa ukutani kwa saluni.

Kuna mtu kijiweni aliniambia X nyekundu ndiyo isiyo na fidia, ya kijani ndiyo yenye fidia. Hiyo ni lugha ya TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara, kwenye hifadhi ya barabara kuu. Mimi siko kwenye hifadhi ya barabara yoyote, tatizo langu ni mipango miji. Lakini mpangaji ukimwonyesha X nyekundu hakuulizi ni ya idara gani, anakumbuka 2017, nyumba zilivyolala chini kuanzia Kimara mpaka Kiluvya. Wa chakula cha kuku alihamisha magunia usiku uleule. Sikumlaumu.

Nikaanza safari. Mtendaji wa kata: "Hilo la ujenzi lipo juu yangu, nenda manispaa." Manispaa, mipango miji, nikakutana na kijana mwenye adabu zake kabisa. "Shikamoo mzee wangu, andika barua ya kujieleza kwa Mkurugenzi." Nimeandika, imegongwa IMEPOKELEWA, hadi leo kimya. Nikarudi kwa kijana: mwanangu, naomba uamuzi kwa maandishi, unaosema nimevunja kifungu gani na nisiporidhika nakata rufaa wapi. Akatabasamu. "Mzee, hiyo siyo hukumu. Hiyo ni ilani tu."

Hapo nikakaa kimya kama dakika nzima. Kama siyo uamuzi, nakata rufaa dhidi ya nini? Na kama siyo uamuzi, tingatinga linakuja kufanya nini kwangu?

Nikanyenyekea. Nikasema basi nimekosa, nirasimishieni, nibadilishe matumizi yawe makazi na biashara. Akasema inawezekana: peleka maombi, toa tangazo, majirani wapewe nafasi ya kupinga, kamati ikae, faili liende wizarani, kisha hati ya zamani inarudishwa utengenezewe mpya. Muda gani? Akaangalia dari. Na wakati huo wote ilani inasimama? "Hapana mzee, ilani inaendelea."

Kila mtu mtaani alinishauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nikampa mwandishi mmoja wa karatasi za kesi 150,000 aniandalie maombi. Karani akasoma jina la mdaiwa tu, akanirudishia karatasi zangu: halmashauri hawashtakiwi hapa siku hizi. Kumbe mwaka 2020 Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ilirekebishwa, halmashauri nazo zikahesabiwa ni Serikali. Kwa hiyo kwanza unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zikiisha unafungua kesi Mahakama Kuu, siyo pengine, na huyo Mwanasheria Mkuu lazima umuunganishe. Ukimsahau, kesi inakufa kwenye pingamizi la awali kabla hujasema hata "mheshimiwa". Mahakama Kuu, wakuu. Kwa saluni ya futi kumi kwa kumi!

Sasa pigeni hesabu mnisaidie. Leo natoa notisi. Siku ya nane fremu zinavunjwa. Siku ya 91 naruhusiwa kwenda kumwomba jaji azuie zisivunjwe. Nitapeleka kifusi kama kielelezo?

Wakili wa pili niliyemwona (wa kwanza alitaja milioni tatu kabla sijakaa kwenye kiti) ndiye aliyenifungua macho kwamba kuna kitu kinaitwa maombi ya Mareva. Wakati siku 90 bado zinahesabika na kesi huwezi kuifungua, unaiomba Mahakama Kuu izuie ubomoaji kwa muda mpaka notisi iishe. Jina limetoka kwenye kesi ya meli kule Uingereza mwaka 1975, leo linahangaikia fremu za uswahilini. Lakini ili uombe, notisi lazima uwe umeshaitoa na ushahidi wa kupokelewa unao. Unaambatanisha ilani, picha, kiapo, na hati ya dharura, yaani karatasi ya kuomba usikilizwe haraka. Mimi wiki nzima niliipoteza nikibembeleza kwa barua kwa Mkurugenzi, kumbe siku ileile ya kwanza ningepeleka notisi. Yeyote aliyepakwa X jana, asirudie ujinga wangu. Na apige picha ya ilani pamoja na aliyeipokea aandike tarehe kwa mkono wake. Dada wa saluni ameniandikia, wakili alivyoiona akafurahi kuliko alivyofurahia hati yangu.

Kuna njia nyingine ya kuiomba Mahakama Kuu ipitie mwenendo wa manispaa wenyewe, kwa kuanzia na maombi ya kibali ndani ya miezi sita. Wakili anasema tuiweke pembeni kwanza. Wajuvi wa sheria mliomo humu, yuko sahihi? Na aliyewahi kupata Mareva dhidi ya halmashauri anieleze ilichukua siku ngapi kuitwa mbele ya jaji, siyo nadharia.

NIMEHARIRI: Nimesoma majibu. Wanaosema "ulijenga bila kibali, bomoa ulale", nimeshakiri tangu aya ya pili, msijifanye mmegundua. Faini nipo tayari kulipa. Ninachokataa ni mtu mmoja kuwa mkaguzi, mshtaki, hakimu na mwenye tingatinga, halafu nikiomba karatasi ya kukatia rufaa naambiwa hakuna uamuzi. Na aliyeniuliza kama nimejaribu "kuongea nao vizuri", nimekuelewa, jibu ni hapana, na siongei.

Leo ni siku ya 12 ya notisi yangu. Maombi tumesajili, tunasubiri tarehe. Tingatinga halijaja, nasikia ni mambo ya mafuta. Dada wa saluni kaniuliza asubuhi kama alipe kodi ya miezi sita au asubiri kwanza. Nimemwambia asubiri.