Sungura wa kuruka viunzi: New Zealand mweupe au Dutch?

BintiTudor: Assalaam alaykum. Mwanangu ameona sungura wa Sweden wakirushwa viunzi kama farasi, sasa hana jengine. Nimemwahidi mmoja Jumamosi. Nimepata wa aina mbili, New Zealand mweupe na Dutch. Nimchukue yupi?

FundiVizimba: Wa alaykum salaam dada. Umri? Dume au jike? Mna ua au mwakaa ghorofani? Bila hayo twakujibu vipi?

Mzee_wa_Likoni: Dutch. Ni mwepesi, kilo 2 na kitu. New Zealand hufika 4 au 5, huyo ni wa kitoweo. Kila akitua, miguu ya mbele ndiyo inayobeba uzito wote.

Kaka_Kisauni: Mzee wangu, tabia kwanza. Yabo, sungura wa Denmark, aliruka umbali wa mita 3 mwaka 1999, na wanaovuma kule wengi ni chotara. Laza ufito chini. Akiuruka bila kusukumwa, mchukue huyo.

UmmuSalma_Bamburi: Shoga, ngoja nikwambie yaliyonipata. Januari nilinunua dume mweupe, muuzaji akasema ana miezi 5. Saa nane mchana nikampanga uani, viunzi vya mabomba ya plastiki juu ya saruji. Akaruka mara nne. Ya tano akalala ubavu, masikio mekundu kwa ndani na ya moto kama kikaango, kidevu kimelowa mate, ahema mbavu zamcheza. Sungura hatoi jasho kama sisi, joto hulitolea masikioni. Nikayapangusa kwa kitambaa cha maji. Alasiri hakufika. Daktari akaniambia hata miezi 3 hakuwa nayo! Kule Sweden haingii mashindanoni kabla ya miezi 4. Mrusheni alfajiri, juu ya nyasi, na chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa iwe kizimbani.

Mzee_wa_Likoni: Pole sana mwanangu. Kumwongoza akiruka, kamba ya shingoni yatosha lakini?

Kaka_Kisauni: La, la! Akigutuka hewani atajinyonga. Mkanda wa kifuani, na kamba iwe legelege, usimvute.

Mzee_wa_Likoni: Mbuzi wangu nawafunga shingoni miaka yote.

Kaka_Kisauni: Mbuzi haruki viunzi, mzee wangu.

BintiTudor: Poleni kwa kuchelewa. Dutch ni jike, miezi 7. Twakaa ghorofa ya tatu, vigae vitupu.

FundiVizimba: Vigae vyateleza, atateguka. Zulia mnalo? Na dirisha la upande wa bahari?

UmmuSalma_Bamburi: Huyo Dutch yuko peke yake au ana ndugu? Salma ameanza kuniuliza tena.